Chapa ya Ng'ombe na Binti Mrithi

Nembo za ukoo zikitajwa darasani, wengi wetu huwaza makabaila wa Uingereza, kana kwamba huku kwetu ukoo haukuwa na alama. Hebu msomaji tuanzie Mbulumbulu, kando ya msitu wa Ngorongoro. Hapo ni mashamba ya Wairaqw, walioenea kutoka upande wa Kainam katika karne ya 20. Ng'ambo ya msitu, ndani ya Kreta, walichunga Wadatooga kabla Wamaasai hawajawaondoa. (Jina "Mang'ati" tunalowaita kirahisi rahisi ni la Kimaasai, maana yake adui.) Kwa Wadatooga ukoo huandikwa kwa moto kwenye ngozi ya ng'ombe.

Sasa, binti akiolewa? Baba humpa ng'ombe wake mwenyewe. George Klima, aliyeandika kitabu juu ya Wabarabaig mwaka 1970, alionyesha kuwa mume hawezi kuwatoa ng'ombe hao bila ridhaa ya mkewe. Ng'ombe aliyekwisha kuchomwa huingia boma la mume na chapa ya baba mkwe mwilini. Lakini ukoo hufuata baba, hivyo mtoto wa kiume atakayewarithi ni wa ukoo wa mume. Mali imepita kwa mama, alama haikupita. Sisi wahakiki, tunaposoma familia katika riwaya, mara nyingi tunazichanganya njia hizi mbili tukaita zote "mfumo dume", basi kazi imekwisha.

Uingereza alama hupita kwa mama, ila kwa sharti. Binti mwenye kaka hawarithishi wanawe nembo ya baba yake. Kaka wasipokuwepo, au wakifa bila kuacha watoto, ndipo anapokuwa mrithi: mumewe huweka ngao ndogo ya ukoo wa mke katikati ya ngao yake, na watoto huigawa ngao sehemu nne ili nembo zote mbili zikae. John Churchill, Duke of Marlborough, alifiwa na mwanawe wa kiume mwaka 1703. Cheo kikaenda kwa bintiye Henrietta mwaka 1722, kisha mwaka 1733 kwa mtoto wa binti mwingine, Anne, aliyeolewa na Spencer. Ndiyo maana ngao ya Winston Churchill ilikuwa na nembo mbili. Kumbe Churchill huyo kwa baba ni Spencer!

Tusicheke. Sheria za mila zilizoandikwa Tanganyika mwaka 1963 zilisema mwanamke aitumie ardhi ya ukoo lakini asiiuze, isipokuwa ukoo ukikosa mwanamume kabisa: hapo inakuwa yake moja kwa moja. Si kanuni ileile ya akina Churchill? Binti ni daraja la dharura, hukanyagwa mto ukifurika.

Holaria Pastory, bibi mzee wa Kihaya, hakungoja ukoo uishiwe wanaume. Aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, sh. 300,000. Ndugu wa ukoo akashtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mauzo ni halali; ndugu wakilitaka shamba, walikomboe kwa bei hiyo hiyo.