Walimu Waswahili wa Chuo Kikuu cha Berlin

Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 na ambacho leo kinaitwa Humboldt, hujivunia majina kama Hegel, Max Planck na Albert Einstein. Wasiotajwa sana ni walimu wake Waswahili.

Mwaka 1887 kilifunguliwa chuoni hapo kitengo cha lugha za Mashariki, ambako maofisa waliotarajiwa kwenda makoloni walijifunza Kiswahili. Sleman bin Said wa Zanzibar alianza kufundisha mwaka 1889. Alifuatiwa mwaka 1891 na Amur bin Nasur, ambaye habari alizoandika kuhusu maisha ya Berlin zilichapishwa mwaka 1894.

Mashuhuri zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyewasili mwaka 1900. Maandishi yake ni sehemu kubwa ya "Desturi za Wasuaheli", kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Ndoa hiyo ilipingwa, na mwaka 1905 akaondoka chuoni. Wawili hao walipojaribu kuhamia Afrika Mashariki, wakuu wa koloni waliwazuia kushuka pamoja. Mtoro alirudi Ujerumani, akafundisha Hamburg, na kufariki dunia mjini Berlin mwaka 1927.

Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 hatimaye iliweka jina lake mbele. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili walio mbali na pwani, kama wale wa Kibuli jijini Kampala, kitabu hicho kingali hazina ya habari za harusi, jando, mazishi na misafara, zilizosimuliwa na wenyewe.