STERINGI HAFI: Stori ya zile muvi za porini tulizocheki kwenye kibanda umiza Mwanza, na pori lenyewe lilikuwa wapi

Leo sina ubuyu wa staa yeyote. Leo turudi nyuma kidogo, kule Mabatini, kwenye kibanda kimoja cha mabati chenye mabenchi sita, feni moja mbovu na televisheni ya kichogo. Kama umekulia Mwanza unakijua, au unakijua cha kwenu, iwe Igogo, Kirumba au Nyamanoro. Kiingilio mia mbili. Ukiwa huna unachungulia kwenye tundu la msumari mpaka mwenye kibanda akumwagie maji.

Pale ndipo nilipomjua steringi wa porini. Na wewe unamjua: kifua wazi, kitambaa kichwani, bunduki ambayo risasi hazijawahi kuisha. Anaingia msituni peke yake, anamaliza jeshi zima, anatoka na mateka wake. Wanaokufa hawana majina, wanapiga ukelele mmoja tu halafu wanaanguka toka juu ya mnara. Na kanuni tulikuwa tunaijua hata wa chekechea: steringi hafi.

Majina ya muvi hatukuyajua. Tulisema "ile ya Chuck Norris ya mateka" au "ile ya ninja mzungu". Kiingereza hatukielewi, kwa hiyo kila kitu kilimtegemea mtafsiri. Jina lake nalihifadhi, yupo hai na siku hizi ana shughuli zake Mwaloni. Jamaa alikuwa anapunguza sauti ya muvi, anashika maiki, halafu Vietnam yote inahamia Usukumani. Steringi akifika mtoni, mtafsiri anasema: "Hapa amekosa kivuko cha Busisi, inabidi aogelee." Kibanda kizima hoi.

Siku moja babu yangu alikuja kunitoa mle ndani, nilikuwa nimetumwa chumvi tangu saa nane. Alisimama mlangoni akatazama kama dakika tano hivi. Halafu akauliza, sio mimi, aliuliza tu: "Huyu mbona hana begi? Anakula nini?" Akanishika mkono tukaondoka.

Babu alipigana vita ya Kagera. Swali lake nilicheka nalo wiki nzima na wenzangu. Leo nina miaka ishirini na kitu na bado linanitafuna. Ndio maana nikaamua kufuatilia, kwa bando langu mwenyewe: lile pori lilikuwa wapi, na nani alilipia?

NAKALA ILIYOTANGULIA KABLA YA OG

Tuanze na Rambo, maana bila yeye hakuna stori. Ile ya kwanza ilitoka 1982 na ilikuwa ya Marekani kwao huko, hamna Vietnam. Ile ya pili, ya 1985, ndiyo anarudishwa Vietnam kutafuta mateka. Ilikula zaidi ya dola milioni 25 na ikarudisha karibu milioni 300 duniani. Na pori lake? Mexico.

Bongo jina lilizama mpaka sokoni. Ile mifuko ya plastiki yenye vishikio tuliita Rambo, na tuliendelea kuiita hivyo mpaka serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kuna watu wamebeba nyanya kwenye Rambo miaka yote na hawajawahi kuiona hiyo muvi.

Sasa hela ikionekana, wajanja hawakai mbali. Kulikuwa na kampuni inaitwa Cannon, tangu 1979 ilikuwa mikononi mwa binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus. Kazi yao ilikuwa muvi za bei chee, nyingi, haraka haraka. Inasemekana wazo la Rambo ya pili lilikuwa linazunguka Hollywood kabla halijapigwa picha, na jamaa wakaliwahi. Missing in Action ya Chuck Norris ikaingia kumbini Novemba 1984, Rambo mwenyewe akaja Mei mwaka uliofuata. Yaani nakala ilimtangulia OG! Na walipiga mbili kwa mpigo, halafu wakaona ya pili ndiyo kali, wakaitoa ya kwanza. Ile iliyotakiwa kuanza ikatoka 1985 ikaitwa "mwanzo". Hata mtafsiri wetu asingeweza kubuni hiyo.

Vietnam yao ilikuwa Ufilipino. Kule msitu upo, watu wa kuigiza wanalipwa kidogo, na utawala wa Marcos ulikuwa radhi kukodisha zana za jeshi. Francis Ford Coppola alipokwenda kupiga Apocalypse Now miaka ya 1976 na 1977, helikopta alizokodi zilikuwa zinaondoka katikati ya kazi kwenda kupiga waasi wa kweli. Jiulize rubani wa ile helikopta alikuwa anajisikiaje: asubuhi vita ya uongo, mchana vita ya kweli. Baada ya hapo ikawa njia. Wamarekani wa bajeti ndogo, Waitaliano, wote wakamiminika kule. American Ninja ya 1985, yule "ninja mzungu" wetu Michael Dudikoff, ni kule kule. Wale "Wavietnam" waliokuwa wanakufa kwa mamia ni Wafilipino waliotafuta riziki ya siku.

HAPA NDIPO NILIPOSHTUKA

American Ninja ya pili ilitoka 1987. Stori inasema ni kisiwa cha Karibi. Ilipigwa Afrika Kusini. Ya tatu, 1989, Afrika Kusini tena. Platoon Leader ya 1988, Dudikoff huyo huyo, eti Vietnam: Afrika Kusini.

Angalia miaka hiyo vizuri. Mandela yupo jela. Umoja wa Mataifa ulishawataka wasanii waisusie nchi ile. Cannon na wenzao wakaenda, maana gharama ilikuwa nafuu na wenyeji walikuwa na hamu ya kuonekana nchi ya kawaida.

Na unamkumbuka yule mweusi mwenye mwili, rafiki wa ninja, yule tuliyekuwa tunamshangilia kuliko steringi mwenyewe? Anaitwa Steve James, alifariki 1993. Kwenye muvi nyingi za namna hii rafiki mweusi wa steringi anakufa mapema ili steringi apate hasira. Yeye hakufa. Kibandani kwetu alikuwa mfalme. Lakini nyuma ya kamera, huyo huyo alikuwa mgeni kwenye nchi ambayo mtu wa rangi yake hakuwa na kura.

Kuna kali zaidi. Red Scorpion ya 1988, ya Dolph Lundgren, ile ya komando Mrusi anayetumwa Afrika kumuua kiongozi wa waasi halafu anageuka upande wao. Mwongozaji ni Joseph Zito, yule yule wa Missing in Action ya kwanza. Prodyuza ni Jack Abramoff, ambaye baadaye, 2006, alikiri makosa ya ulaghai Marekani na kwenda jela. Muvi ilipigwa Namibia, wakati huo ikiwa bado chini ya makaburu. Iliripotiwa sana kwamba jeshi la Afrika Kusini lilisaidia vifaa na askari wa kuigiza, wapinga ubaguzi wakaandamana dhidi yake. Na ujumbe wa muvi? Kwamba wapigania uhuru wanaosaidiwa na Warusi na Wakuba ndio maadui.

Sasa hao walikuwa wanaishi wapi? Walikuwa wanaishi kwetu! Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam. Wapiganaji wa SWAPO wa Namibia, wa ANC, wa FRELIMO, walipita kambi ya Kongwa, Dodoma. ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Wazazi wetu walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni huku nchi inawabeba hao watu.

Halafu mtoto wa Mabatini, miaka mingi baadaye, analipa mia mbili kushangilia wakipigwa. Sikujua. Mwenye kibanda hakujua. Nadhani hata mtafsiri hakujua. Kile kidividii cha "muvi 20 ndani ya moja" hakikuandikwa nani alitoa vifaru.

ZIWA LETU NALO LILIKUWA NA MUVI YAKE

Usije ukafikiri huku kwetu hakukuwa na stori. Tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe, pale pembezoni mwa ziwa letu hili hili, wakaokoa mateka wa ndege. Mwaka uliofuata Menahem Golan, ndiyo, yule yule wa Cannon, akaitolea muvi, Operation Thunderbolt. Uganda yake aliitengeneza Israeli. Yaani kabla hajampeleka Chuck Norris porini kuokoa mateka, kazi ya makomando na mateka Golan alishaifanya, kwa stori ya Ziwa Victoria.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuvamia Kagera. Jeshi letu lilijibu, likavuka kwenda kwao, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sehemu kubwa ya safari hiyo askari walikwenda kwa miguu. Na mabegi yao mgongoni.

Na Mwanza haikusalimika. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilitumwa kulipua hifadhi ya mafuta hapa mjini. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kile ambacho leo ni Hifadhi ya Taifa na watu wanakwenda kupiga selfi na pundamilia. Mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo, wanyama kadhaa wakafa. Ndege ya kivita imetoka mbali kote huko, imekuja kuua swala! Hiyo kwenye muvi ungesema mwandishi kalewa. Imetokea kweli, mbele ya macho ya watu wa Capri Point.

Muvi ilikuja 1981, The Rise and Fall of Idi Amin, kazi ya Sharad Patel, imepigwa Kenya. Mkenya Joseph Olita alikuwa Amin na kafanana naye mpaka unaogopa. Lakini ni muvi iliyouzwa kwa damu na vitisho vya Amin. Ukitoka pale unamkumbuka Amin. Mtu aliyetembea kutoka Kyaka mpaka Kampala humkumbuki.

SASA TUSEME NINI?

Kuna mdau atasema nazitukana muvi zetu za utoto. Hapana. Ukweli ni kwamba hatukuzimeza kama zilivyo. Tanzania bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, na hata baadaye kwetu wengi TV ilikuwa ya kibandani. Kazi aliyoifanya marehemu Lufufu kule Dar, DJ Afro kule Kenya, na watafsiri wasio na majina kwenye kila mtaa wa Mwanza, ilikuwa kuipokonya muvi mdomo na kuipa mdomo wetu. Steringi akawa anadaiwa na mama ntilie. Bosi wa maadui akawa mgambo wa jiji. Waliozitengeneza wasingezitambua.

Na majirani zetu walikwenda mbele zaidi. Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki za mbao na vyuma chakavu, milipuko ya kompyuta, makomando wanakimbia vichakani, na sauti ya mtangazaji juu yake kama kibandani kabisa. Nabwana mwenyewe alikua anasimuliwa muvi na kaka zake waliokuwa wanaziona. Dunia nzima imeicheki YouTube. Safari hii anayekufa, anayeua, anayechekesha na anayelipia wote ni wa kwetu.

Kwa hiyo kutengeneza tunaweza. Kinachoniuma ni stori zinazoondoka kabla hatujawasha kamera.

Babu alifariki 2016. Nilikuwa nimeshamaliza sekondari, nilikuwa na simu ya kurekodi, na sikuwahi kukaa naye chini hata nusu saa nikamuuliza habari za Kagera. Nilijua steringi wote wa Cannon kwa sura. Njia aliyopita babu yangu siijui hata kijiji kimoja. Kwenye begi lake la bati tulikuta sufuria ndogo ya jeshi imebonyea, na hakuna aliyejua ilibonyea wapi.

Kama una mzee nyumbani aliyekuwa kule, au bibi aliyekuwa Mwanza siku bomu linaanguka Saanane, simu unayo. Kaa naye leo, bonyeza rekodi, halafu uje utusimulie hapo chini kwenye komenti. Majina unaweza kuyahifadhi. Na ukikosa pa kuanzia, anza na lile swali la babu: mlikuwa mnakula nini?