Saa ya dhahabu ina jina, mchimbaji je?

Vijana wenzetu, kronografu ni ile saa ya mkono yenye vibonyezo pembeni vya kupimia muda wa mbio. Miaka ya 1970, Jack Heuer wa Uswisi aliwapa madereva wa Ferrari saa za Carrera za dhahabu. Nyuma ziliandikwa jina la dereva na kundi lake la damu. Leo wakusanyaji wanazigombania kwa sababu ya majina yale.

Hatusemi dhahabu ile ilitoka huku. Lakini sisi tuliovuka kutoka Kongo tukafika Lobule, Koboko, tunaijua dhahabu. Kilo-Moto inachimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Februari 1966, Daudi Ocheng alisimama bungeni Kampala na habari za akaunti ya benki ya Idi Amin, Mkakwa wa huku Koboko, akaihusisha na dhahabu ya Kongo. Serikali ya Obote ilitikisika kweli.

Majina ya wakubwa tunayo. Ya wachimbaji je? Kama babu yako alichimba, muulize leo: shimo gani, mwaka gani, nani alinunua. Andika, kabla hajaondoka nayo.