Kodi zangu na yatima wa Naples

Wadau, miaka mitatu nimesumbuka na kinanda cha kwaya. Kila kodi (si ile ya serikali!) nilikuwa naitafuta upya, noti moja moja, huku waimbaji wananisubiri. Mwalimu wa kwaya akaanza kuulizia mpigaji mwingine.

Kumbe karne ya 18 kule Naples, Italia, kulikuwa na shule nne za muziki zilizoanza kama vituo vya yatima. Mtoto alipewa mstari wa besi tu, uitwao partimento. Sauti nyingine alizijaza mwenyewe papo hapo. Kwa kuhesabu noti hutaweza. Lazima mkono uzoee umbo. Pergolesi alipita huko. Na mwaka 1722 Mfaransa Rameau akaandika kwamba do-mi-so ni kodi ileile hata mi ikikaa chini.

Nikajaribu. Kutoka do-mi-so kwenda do-fa-la, do haiondoki. Vidole viwili vinapanda kwa jirani. Kwenda ti-re-so, so ndiyo inabaki, viwili vinashuka. Ndo hivyo tu! Jumapili iliyopita nilipiga bila kutazama vidole. Nilikosea mara moja, kwenye amina.