Msasa, chaki na fimbo ya kaka

Juzi Jumamosi nimekosana na mtu kwa sababu ya kipande cha mbao. Usicheke, msomaji. Fimbo yangu ya pool niliiacha mezani nikatoka nje kupokea simu ya mhariri (wahariri na Jumamosi mnawajua). Narudi, jamaa mmoja wa pale kijiweni kaishika na karatasi ya msasa, anasugua kwa moyo wote.

"Ilikuwa chafu kaka, nimekusafishia."

Imekuwa nyeupe kama mfupa. Fimbo ile aliniachia marehemu kaka yangu, na ule ubluu uliozama kwenye mti ulikuwa wa chaki ya miaka yake yeye, si yangu. Jamaa alikuwa na nia njema, ndiyo maana nilishindwa hata kumtukana vizuri.

Nikaenda nyumbani na hasira zangu nikazipeleka kwenye kusoma. Kumbe uchafu huu una historia, tena si ndefu.

Biliadi ni mchezo wa zamani. Mfalme Louis XI wa Ufaransa alikuwa na meza yake katika karne ya 15. Lakini wakati huo hakuna aliyepiga mpira kwa ncha. Walitumia kirungu chenye kichwa bapa, wakausukuma. Mpira ukigandana na ukingo wa meza kichwa hakiingii, basi mtu anageuza kirungu na kupiga kwa mkia. Mkia kwa Kifaransa ni "queue", na Waingereza wakapata "cue" yao hapo. Kwa hiyo hiki tunachoringa nacho baa ni mkia uliomfukuza mwenye kichwa. Ulikuwa mti mtupu, bila ngozi wala chaki, na usingeweza kuwa wa bluu.

Ngozi inahusishwa na Mfaransa François Mingaud, mwanajeshi aliyefungwa kwa sababu za kisiasa na kutumia kifungo chake kuchezea meza ya biliadi. Wapo wanaoandika kwamba alifungwa Bastille. Mimi nakataa, maana Bastille ilivamiwa mwaka 1789 na kubomolewa, na Mingaud anatajwa kutoka gerezani mwaka 1807 na ngozi yake kwenye ncha. Kwa ngozi hiyo mpira ulizunguka, ukarudi nyuma, ukapinda. Watu walishangaa.

Ngozi nayo huteleza, kwa hiyo ikahitaji unga. Katika miaka ya 1820, mjini Bath, Uingereza, John Carr aliwauzia wachezaji "unga wa kuzungusha", wakaamini siri iko kwenye kopo. Ilikuwa chaki ya kawaida tu! Huyu bwana angekuwa Kariakoo leo angetajirika.

Lakini chaki hiyo ilikuwa nyeupe na laini. Mkosaji wangu hasa ni Mmarekani William Spinks, mchezaji bingwa, ambaye pamoja na mkemia William Hoskins wa Chicago walipata hataza ya chaki mpya mwaka 1897. Ndani yake hakuna chaki kabisa. Ni silika na unga mgumu wa jamii ya ule unaotumika kunolea vyuma, vimechanganywa na gundi na rangi. Unakwaruza ngozi ili ishike mpira, kisha vumbi lake linadondokea kwenye mti, linakutana na jasho la kiganja (na ile poda ya mtoto tunayojipaka), linakuwa uji na kuingia kwenye vinyweleo vya mbao.

Fimbo nyingi za pool za Kimarekani ni za mti wa mepo, wenye vinyweleo vidogo; za snuka ni za mti wa ashi, wenye mistari inayoonekana kwa macho. Yote miwili inanywa. Maji mengi yanasimamisha nyuzi zake na yanaweza kuipinda fimbo. Kinachofaa ni kitambaa kikavu kila baada ya mchezo, na uchafu ukizidi, matone machache ya spiriti kwenye kitambaa, ukaushe haraka, kisha usugue kwa kipande cha ngozi mpaka mti upate joto.

Msasa ni kazi ya fundi, tena mara chache. Jina lenyewe tumelitoa porini, kwa mti wenye majani ya kukwaruza ambayo maseremala walilainishia mbao kabla ya karatasi za dukani. Msasa hauondoi uchafu, unaondoa mti ulioshika uchafu, na mti haurudi. Fimbo ya milimita 13 ikisuguliwa kila mwezi, baada ya muda mkono hauitambui.

Jana usiku nimepitisha kidole pale karibu na ncha. Kati ya ile pete nyeupe inayobeba ngozi na mti wenyewe sasa kuna kingazi kidogo, ambacho hakikuwepo Ijumaa. Chini zaidi, karibu na kiungo, jamaa alikuwa hajafika. Pale bado pana ubluu, upana wa vidole viwili hivi. Nimepaacha.