Kilombero: Nani anakausha mito, mfugaji, mkulima au tabianchi?

MJADALA wa mabadiliko ya tabianchi katika Bonde la Kilombero haufanani na ule unaosikika Ulaya na Marekani. Huko wabishi hukana kuwa dunia inapata joto, au hukubali joto na kukana kuwa mwanadamu ndiye aliyelisababisha. Huku bondeni, kuanzia Ifakara kupitia Mchombe na Mngeta hadi Mlimba, ubishi ni wa aina nyingine: mvua na mito inapokwenda kinyume na mazoea, ni nani abebe lawama? Swali hilo si la darasani tu. Kwa takriban miaka 20 jibu lake limeamua nani abaki na shamba lake na nani aondolewe na ng'ombe wake.

Bonde hilo limelala chini ya Milima ya Udzungwa na hupata mvua nyingi kati ya Novemba na Mei. Maji yanayoshuka milimani hutandaa kwenye tambarare, hulisha mpunga, samaki na malisho, kisha hurudi mtoni taratibu. Eneo oevu la karibu kilomita za mraba 8,000 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mto Kilombero, ingawa eneo unalokusanyia maji ni chini ya nusu ya lile la Ruaha Mkuu, huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Ndiyo maji ambayo kwa sehemu kubwa huzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kuzalisha umeme Februari 2024. Anayelima Mchombe na anayewasha taa Dar es Salaam wanategemea mto mmoja, ingawa mara nyingi ni mmoja wao tu anayetakiwa kuhama.

Sehemu ya mkanganyiko imetokana na lugha yenyewe. Kwa miaka mingi magazeti na redio zilitumia maneno "mabadiliko ya hali ya hewa". Lakini hali ya hewa ni ile inayotangazwa kila siku baada ya taarifa ya habari, nayo hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Mkulima aliyeambiwa kuwa hali ya hewa inabadilika alikuwa na haki ya kuuliza ni lini haikubadilika. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30 au zaidi, na mabadiliko yake hayaonekani kwa kuhesabu masika moja au mbili.

Kuhusu joto lenyewe, wanasayansi hawana mgawanyiko wa maana. Mwaka 2007 jopo la kimataifa linalotathmini tabianchi, IPCC, lilisema uwezekano kuwa shughuli za binadamu ndizo zilizosababisha sehemu kubwa ya ongezeko la joto tangu katikati ya karne ya 20 ni zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2021 likasema jambo hilo halina shaka tena. Mchango wa Tanzania katika gesi zinazoongeza joto ni chini ya asilimia moja ya gesi zote duniani, na hapo ndipo hutoka lile swali linaloulizwa mara kwa mara, na kwa haki: kwa nini aliyechafua kidogo ndiye ahubiriwe zaidi?

Mashaka yenye msingi yapo kwenye mvua. Katika eneo kubwa la Afrika Mashariki mvua za masika zilipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000, ilhali kompyuta za wataalamu zikitabiri kuwa mvua za ukanda huu zitaongezeka. Wataalamu wenyewe wameliita jambo hilo kitendawili, na hawajakitegua chote.

Funzo la Usangu

Kielelezo kizuri cha gharama ya kutoa hukumu kabla ya ushahidi kipo Usangu, wilayani Mbarali. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji yake ndiyo yanayojaza Mtera na Kidatu, na mgawo wa umeme ulipolikumba taifa, kidole kilinyooshwa kwa wafugaji wa bonde oevu la Ihefu. Ng'ombe wao walidaiwa kukanyaga vyanzo na kumaliza maji.

Utafiti uliofadhiliwa na Uingereza, ambao ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulifika kwingine. Uligundua kuwa sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa kiangazi, ambayo yanaendelea kutiririka mifereji hata pale mpunga usipoyahitaji. Ng'ombe anakunywa maji, lakini hanywi mto. Watafiti waliofuatilia suala hilo walieleza pia kuwa upungufu wa umeme ulihusiana na namna mabwawa yalivyoendeshwa, kwa kuwa maji mengi ya Mtera huletwa na mafuriko ya masika na si na kijito cha kiangazi.

Matokeo hayo hayakuzuia operesheni. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha Rais Jakaya Kikwete kuunda tume ya uchunguzi. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Ruaha Mkuu haukuacha kukauka. Baadhi ya mifugo iliyotoka huko iliishia Kilombero, ambako hadithi ileile ilijirudia: kati ya mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013 ikafanyika operesheni nyingine ya kuwaondoa wafugaji bondeni. Hoja zilikuwa zilezile, isipokuwa safari hii aliongezwa mnyama sheshe, ambaye kwa muda mrefu sehemu kubwa ya idadi yake duniani iliishi katika bonde hili.

Haina maana kuwa wafugaji hawana athari. Mifugo mingi kwenye ardhi oevu huharibu malisho na kusukuma wanyamapori pembeni, na sheshe wamepungua kweli. Lakini wafugaji si peke yao walioongezeka. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 321,611 katika Wilaya ya Kilombero, na ya 2012 ikahesabu 407,880. Mashamba yamepanda hadi miguuni mwa milima na kushuka hadi ukingo wa mto. Shamba kubwa la mpunga la Mngeta, jirani na Mchombe, peke yake lina takriban hekta 5,800, na tangu 2010 mpango wa SAGCOT umelitaja bonde hili miongoni mwa maeneo ya kupanua kilimo kikubwa. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa kuwa Pori la Akiba, na suala la mipaka na vijiji likawa kali zaidi.

Kinachofanya ubishi uwe mgumu kumalizika ni kwamba sababu hizo mbili, ya mbali na ya karibu, huacha alama zinazofanana. Msitu unapofyekwa, maji ya mvua hayapati muda wa kuzama ardhini. Hukimbia juu juu, mto hufurika masika, kisha hupungua mno kiangazi. Tabianchi inayoleta mvua nzito za siku chache, zikifuatiwa na ukame mrefu, hufanya vivyo hivyo. Mkulima anayetazama mto uliopwaya mwezi Oktoba hawezi kujua kwa macho ni ipi kati ya hizo mbili iliyomfikia, au kama ni zote kwa pamoja. Wala mkuu wa wilaya hawezi.

Mwaka 2024 ubishi huo ulihamia chini ya mto. Mafuriko yalilikumba eneo la Ifakara na Mlimba, kisha Rufiji na Kibiti, na hadi mwishoni mwa Aprili Serikali ilikuwa imetangaza vifo 155 nchini kote kutokana na mvua na athari zake. Rufijini baadhi ya wananchi walilaumu maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, na Serikali ikajibu kuwa Rufiji ilifurika tangu kabla ya bwawa na kwamba bwawa lilipunguza makali. Wanasayansi wa kimataifa waliochunguza mvua za ukanda huu za Machi hadi Mei mwaka huo walikadiria kuwa joto la dunia liliziongezea nguvu kwa kiasi cha asilimia 5, wakasisitiza kuwa makadirio hayo yana mashaka makubwa.

Wapo wanaosikia neno "mashaka" wakadhani mwanasayansi amesalimu amri. Sivyo. Anachosema ni kwamba vipimo ni vichache, na Kilombero ni ushahidi wa hilo. Kumbukumbu za mtiririko wa mto katika kituo cha Swero, karibu na Ifakara, ambazo watafiti wamekuwa wakizitegemea, zinaanza miaka ya 1950 na kukoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Operesheni za kuwaondoa watu, upanuzi wa mashamba na ujenzi wa bwawa kubwa kuliko yote nchini vimekuja baada ya hapo.