Lugha ya Hawala: Le Mandat na Mandabi za Ousmane Sembène

Mwaka 1966 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa riwaya fupi iitwayo Le Mandat. Miaka miwili baadaye aliigeuza filamu yeye mwenyewe. Wahakiki aghalabu huzilinganisha kazi hizi mbili kwa kuuliza ni matukio gani yaliyoachwa na yapi yaliyoongezwa. Swali hilo halitufikishi mbali, maana kisa ni kilekile. Kilichobadilika ni lugha, na katika kisa hiki lugha imo ndani ya dhamira.

Ibrahima Dieng wa Dakar, mume wa wake wawili na asiye na kazi, anapelekewa hawala ya posta ya faranga 25,000 na Abdou, mpwa wake afagiaye barabara za Paris. Faranga 2,000 tu ndizo zake. 3,000 ni za mamake Abdou, na 20,000 ni za kuwekwa akiba. Posta wanadai kitambulisho; kitambulisho hakipatikani bila cheti cha kuzaliwa; cheti nacho kinataka tarehe asiyoijua. Majirani, waliokwisha kunusa fedha, wanakuja kukopa. Hatimaye Mbaye, jamaa yake aliyesoma, anapewa uwakili, anaichukua hawala, kisha anadai kuibiwa.

Dieng hajui kusoma Kifaransa. Hata barua ya mpwa wake humbidi amlipe mtu amsomee. Basi riwaya inayomtetea imeandikwa kwa lugha ileile inayomfungia mlango; lau angeletewa kitabu hicho, angelipa tena kusomewa habari zake. Sembène alilitambua tatizo hili mapema: mwaka 1962 alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, kwa kuwa wengi wa watu aliowaandikia hawakusoma vitabu vyake.

Hata hivyo filamu nayo ilikuwa na mwenyewe. Sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, na Wafaransa walitaka Kifaransa. Ikapigwa kwa lugha mbili. Katika nakala ya Kifaransa, Dieng na karani husema lugha moja, na ukuta uliopo baina yao hutoweka. Katika nakala ya Kiwolof, Kifaransa ni lugha ya maofisi na ya wenye vyeo. Mtazamaji hupambana nacho pamoja na Dieng.

Jina Mandabi lenyewe lastahili kuangaliwa. Ni neno la Kifaransa, mandat, likifuatwa na bi, kibainishi cha mojawapo ya ngeli za Kiwolof. Wawolof wamelitia neno geni ngelini, kama sisi tulivyofanya kwa kitabu na vitabu. Fedha zenyewe hazikumfikia mzee.

Si kila kitu kilipata faida. Riwaya huingia ndani ya aibu ya Dieng, hali filamu hutuonyesha kanzu lake pana na ulaji wake, tukacheka. Kwa maoni yangu, kicheko hicho kimempunguzia heshima kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sembène alishirikiana na Pathé Diagne kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolof. Kisha ikaja filamu ya Ceddo (1977). Serikali ya Senghor iliizuia isionyeshwe nchini, na sababu iliyotolewa rasmi ni tahajia: jina liliandikwa kwa d mbili, na sheria ya maandishi ya Kiwolof ilitaka moja. Sembène hakukubali kuifuta.